Kamba Ilale Kavu

Uwe jikoni unachambua mchele, uwe kibandani unasubiri mteja, uwe kwenye daladala na foleni haisogei, nikopeshe sikio kwa dakika chache. Leo tunazungumza juu ya kamba.

Najua wapo waliocheka. Kamba? Ndiyo, kamba. Hebu nikuulize: hapo nyumbani kwako kuna kamba ngapi? Usiharakishe kujibu. Ipo ya kuanikia nguo. Ipo ya kisima. Ipo ya mbuzi. Ipo iliyofunga mzigo alioleta shemeji kutoka shamba mwaka jana, hukuitupa, ukasema itafaa siku moja. Sasa swali la pili, gumu kidogo: kila moja imetengenezwa kwa nini? Ile ya plastiki, ya buluu au ya kijani tunayoiita manila, unaijua kwa macho. Lakini hizo nyingine? Ni katani? Ni makumbi ya nazi? Ni ukindu, au ni gome la mbuyu?

Nauliza kwa sababu jioni hii ninalo jambo moja tu, na nitalirudia mpaka ulichoke. Kamba ya asili haiuawi na kazi. Inauawa na kulala na maji. Ifanyishe kazi kwa kiasi chake, ivute, ibebeshe, lakini usiku ilale kavu. Kamba ilale kavu. Halafu baadaye kidogo nitakuambia ipo kamba moja inayoikataa sheria hii, tena ni ya hapa hapa pwani kwetu.

Tuanze na katani, maana ndiyo iliyozoeleka madukani. Ukitoka Segera kwenda Tanga, au ukipita Korogwe kupanda kaskazini, utaona mikonge imejipanga kwa mistari mpaka macho yachoke. Umezaliwa umeikuta, baba yako kaikuta, ukadhani imekuwapo siku zote. Sivyo. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vimche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Vikapitia Hamburg, vikasafirishwa tena baharini, na vilipofika huku vilivyokuwa na uhai vilikuwa 62 tu. Wapo wanaosimulia kwamba vilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hiyo mimi naiacha na wasimulizi. Lakini hivyo 62 vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana navyo yakaja mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Muheza na Kilosa. Yakaja pia malori na treni za manamba, vijana walioajiriwa kwa mkataba kutoka mbali, wakakata majani yenye miiba kwenye jua kali, na wajukuu wa wengi wao ndio wenyeji wa miji hiyo leo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Wakati huo hakuna nchi duniani iliyoifikia. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ya katani ikaporomoka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Jani la mkonge lenyewe ni maji na nyama tupu. Likipita kwenye mashine, ile inayoitwa korona, nyama inakwanguliwa na zinabaki singa nyeupe. Katika kilo mia moja za majani unapata kama kilo nne za singa, basi. Zinaoshwa, zinaanikwa juani kwenye waya, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota.

Sasa singa moja haina maajabu. Unaikata kwa vidole. Inakuwaje basi singa hizo hizo, za urefu wa kama hatua moja, zitoe kamba ya kuvuta lori lililokwama? Hapa, msikilizaji, nisikilize vizuri, maana ukilielewa hili umeielewa kamba yote.

Siri ni msokoto. Unachukua singa kadhaa, unazisokota kuelekea upande mmoja, unapata uzi. Unachukua nyuzi kadhaa, unazisokota kuelekea upande wa pili, unapata kikamba. Unachukua vikamba vitatu, unavisokota pamoja, sasa unarudi tena upande ule wa kwanza. Kila msokoto unataka kufumuka, lakini ukitaka kufumuka unamkaza mwenzake. Wanabishana humo ndani muda wote, na ubishi wao ndio nguvu ya kamba. Hamna gundi wala fundo. Ukivuta, singa zinabanana, zinasuguana, zinang'ang'aniana. Kadiri unavyovuta ndivyo zinavyoshikana, mpaka kikomo chake.

Kumbuka hilo la msokoto. Sasa leta maji.

Singa ni kitu cha mmea, kwa hiyo zinakunywa. Zikinywa zinavimba, na kamba nzima inanenepa. Je, kamba ikinenepa urefu wake unakuwaje? Wengi watasema unabaki ule ule, au inalegea. Hapana. Inafupika. Fikiria kanga inayomzunguka binti mwembamba mara mbili; mvalishe mama mwenye mwili wake, haizunguki mara mbili. Vivyo hivyo vikamba vinavyouzunguka mwili wa kamba: mwili ukinenepa, vinahitaji urefu zaidi kuuzunguka, na urefu huo vinautoa kwenye kamba yenyewe. Ndiyo maana kamba ya katani uliyoifunga kavu na kuikaza vizuri kati ya mwembe na nguzo, mvua ikinyesha usiku, asubuhi unaikuta imekazana kama inataka kung'oa nguzo. Ndiyo maana vijana wa skauti hufundishwa kulegeza kamba za hema kabla ya umande kushuka.

Na mbuzi je? Mbuzi ndiye anayenitia wasiwasi. Umemfunga shingoni jioni, kamba kavu, fundo limekaa sawa. Mvua ikanyesha. Kamba ikanenepa, ikafupika, fundo likajikaza, na asubuhi huwezi hata kulifungua kwa meno. Kwa mnyama, usitumie kabisa kitanzi kinachoteleza. Funga fundo lililosimama, lisilokaza likivutwa, na uache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kamba na shingo. Wazee walisema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Mimi nasema masika umuongezee kidogo.

Sasa, maji yenyewe hayaozeshi kamba siku moja. Kamba imelowa leo, imefanya kazi, umeitundika penye upepo, kesho imekauka: hakuna lililoharibika. Balaa ni pale unapoikunja ikiwa mbichi, ukaitupa kwenye kona ya stoo, juu ya sakafu ya saruji, ukaiwekea na gunia juu. Ukungu unaanza kula. Unakula kimya kimya, tena unaanzia ndani, kule ambako hewa haifiki. Kwa nje kamba inang'aa. Ndani imekuwa vumbi. Siku unaitegemea, inakatika. Ndugu zangu, kamba ilale kavu.

Na kama imefika baharini? Hapo ongeza jambo moja. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kamba ya katani iliyoloa maji ya bahari hata ukiianika inabaki na kaubaridi fulani ndani, na ubaridi huo ndio chakula cha ukungu. Isuuze kwa maji baridi ya bomba au kisima kwanza, toa mchanga, kisha itundike. Mchanga nao mtoe kwa makini, kwa sababu chembe zake zikiingia katikati ya vikamba zinakata singa kidogo kidogo kila unapovuta.

Nilikuahidi kamba inayokataa sheria. Ni hii ya usumba, ya makumbi ya nazi.

Nenda pwani ya mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, maji yakitoka. Utaona marundo ya mawe yamelala kwenye tope na mchanga, ukadhani ni kuta zilizobomoka. Chini ya mawe hayo kuna makumbi. Wanawake wameyafukia, na bahari inakuja na kuondoka juu yake mara mbili kila siku, mwezi baada ya mwezi. Nyama ya kumbi inaoza, singa zinabaki. Wanayafukua, na harufu yake, msikilizaji, sitakuelezea ukiwa unakula. Wanayapiga kwa magongo, wanasuuza, wanaanika, kisha wanakaa kivulini na kusokota kwa viganja, uzi baada ya uzi, mazungumzo yakiendelea.

Jiulize: kitu kilichokaa miezi kadhaa ndani ya tope la bahari bila kuoza, utakitisha kwa maji gani tena? Na tukirudi nyuma zaidi, kazi ya kumbi ni ipi pale mnazini? Ni kuilinda nazi, ianguke isipasuke, ielee baharini ikatafute ufuo mwingine. Singa zake ni ngumu, zina kile kitu kinachofanya mti uwe mti, na maji hayapenyi upesi. Kamba ya usumba inaelea. Katani inazama. Usumba unavutika sana kabla ya kukatika, kwa hiyo wimbi likiivuta ghafla ngalawa iliyotia nanga, kamba inanyumbuka kwanza badala ya kukata shauri mara moja.

Je, ina nguvu kama katani? Hapana, na tusidanganyane. Kwa unene ule ule, kamba ya usumba ni dhaifu mno kuliko ya katani. Ukitaka kunyanyua mzigo mzito, usumba si mwenzako. Lakini ukitaka kamba itakayokaa na unyevu mwaka mzima, kufungia fito na boriti za nyumba, kufungia makuti kwenye paa mahali ambapo chumvi inakula waya wa chuma, hapo mwite usumba. Kila kamba na mahali pake.

Na wazee wetu walijua mahali pake kuliko tunavyojua sisi. Mtepe, chombo cha baharini cha watu wa Lamu na visiwa vya Wabajuni, haukuwa na msumari hata mmoja kwenye mbao zake. Ulishonwa. Mbao zilitobolewa matundu kandokando, zikashonwa kwa kamba ya usumba, zikabanwa kwa vijiti vya mti, na tanga lake lilikuwa mkeka. Chombo hicho kilibeba boriti na mizigo katika bahari hii hii. Kikiingia majini, mbao zinavimba, usumba unavimba, mishono inakaza. Ile tabia ya kunenepa na kufupika tuliyoilalamikia kwa mbuzi, fundi wa mtepe aliifanya mtumishi wake. Na si jambo la jana. Mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita unataja soko la Rhapta katika pwani yetu, na unataja vyombo vyake vya kushonwa. Leo hakuna anayeunda mtepe kwa ajili ya biashara. Unabaki kwenye makumbusho.

Basi msikilizaji, ukumbuke: katani ilale kavu, usumba hauogopi bahari. Lakini hata usumba, ukitoka kazini, upepo haujawahi kuudhuru.

Ukindu na miyaa nitazipitia haraka tu, kwa sababu hizo kazi yake kubwa ni mikeka, makawa na vikapu. Kamba yake ni ya kusuka, nyembamba, nzuri kwa kuwambia kitanda na kufunga kilichopo kivulini. Gome la mbuyu linatoa kamba ngumu sana, ila siku hizi ni nani mwenye subira ya kulichuna na kulisokota?

Sasa tuingie dukani. Umenunua bunda jipya la kamba ya katani. Wengi wetu tunafanya nini? Tunashika ncha ya nje na kuanza kuvuta, bunda linaviringika sakafuni, na baada ya dakika mbili kamba imejaa vitata. Usifanye hivyo. Tafuta ncha iliyo ndani ya bunda, ivute kutoka katikati, na uangalie isije ikajipinda. Kile kitata ukikivuta kwa nguvu kinavunja singa mahali pamoja, na kamba hukatikia pembamba. Ukiona kitata, kizungushe taratibu mpaka kifumuke, ndipo uvute.

Unataka kukata kipande? Kamba ya plastiki unaikata na kuichoma ncha kwa kiberiti, imeganda, umemaliza. Katani ukiichoma inaungua tu. Kwa hiyo kabla hujakata, funga uzi imara kushoto na kulia kwa mahali utakapokata, uzungushe mara kadhaa, ndipo upitishe kisu katikati. Ukikata kwanza, ule ubishi wa misokoto niliokuambia unapata mlango wa kutokea, na kamba inafumuka mbele ya macho yako.

Utaitundika wapi? Kwenye kigingi cha mti, mbali na sakafu, mbali na betri ya gari maana tindikali yake inakula singa, na mbali na panya kama unaweza. Msumari wenye kutu haufai, kutu inaacha doa na doa linakuwa udhaifu.

Na utajuaje kwamba kamba imekufa? Usiitazame kwa nje tu. Ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume cha msokoto wake, ifungue tumbo. Ndani singa zinatakiwa kuwa angavu na safi. Ukiona rangi ya majivu, ukiona vumbi linadondoka, ukinusa harufu ya stoo iliyofungwa tangu masika, hiyo imekwisha. Chomoa singa moja, ivute. Ikikatika bila ubishi, kamba yote ndivyo ilivyo. Fanya hivyo sehemu kadhaa, kwa sababu ukungu haukai mahali pamoja.

Hapo kuna mtu atanijibu kwa methali: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kwa watu, nakubali kabisa. Kwa kamba ya kisima ambayo kijana atashukia kwenda kuzibua tope, sikubali hata kidogo. Uhai wa mtu usiuning'inize kwenye kamba ya asili kuukuu, hata kama ilimshusha babu yake salama. Kwa kazi hiyo nunua kamba mpya iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kama ni ya plastiki iliyo bora, nunua ya plastiki. Sina ugomvi nayo.

Naam, tulifikie hilo. Sina ugomvi na plastiki pale inapostahili. Mvuvi anayelala baharini amechagua kamba yake kwa akili: hainywi maji, ni nyepesi, haiozi. Lakini sifa hiyo ya kutooza ndiyo inayogeuka kuwa kero. Wakulima wa mwani katika fukwe zile zile za makumbi hufunga mwani kwa vikamba vidogo vya plastiki, taitai, na vikikatika haviendi popote, vinabaki baharini. Mbuzi akitafuna kipande cha katani amekula jani. Akimeza kipande cha plastiki kinakaa tumboni, kinazidi kujikusanya, na siku moja daktari wa mifugo anakitoa kwa kisu, kama amewahi kuitwa. Jua nalo, lile linaloikausha katani yako, linaiharibu plastiki mpaka inakuwa unga wa buluu mkononi.

Na kuna suala la mkono. Uliza wanaovuta kamba kwenye Mei Mosi au kwenye SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa wizara na idara za serikali. Kamba ya asili ina manyoya, inashikika, fundo lake halitelezi. Ya plastiki laini inateleza, na ikiteleza kwa kasi inachoma kiganja. Tena ikizidiwa ikakatika, ile ya nailoni inavutika sana kwanza, kisha ncha inarudi kwa kishindo na inaweza kumuumiza aliyesimama karibu. Katani kabla ya kukatika huwa inalia. Inatoa mlio wa kukwaruza, singa moja moja zinapasuka, unapata nafasi ya kuwaambia wenzako wakae kando.

Muda wangu unaniishia, lakini kuna swali ambalo mtu fulani huko analo: kamba ikifa kweli, nifanye nini nayo? Ya usumba ifumue, upate cha kusugulia masufuria, au uitandaze kwenye miche ili udongo usikauke. Ya katani ikate vipande, ufungie nyanya kwenye vijiti vyake. Mavuno yakiisha, usihangaike kufungua mafundo. Kata mashina, nyanya na kamba pamoja, tupa vyote kwenye shimo la mboji.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya mafundo: lipi linakaza, lipi linafunguka kwa kidole kimoja, na lipi usimfungie mnyama kamwe. Tafuta kipande cha kamba, kama hatua mbili hivi, ukae nacho karibu na redio.